Saa tatu ya wapi? Kutaja saa katika barua pepe za kikazi

Neno saa lina maana tatu zinazokaa pamoja kwa amani katika mazungumzo ya kila siku: kifaa cha kupimia wakati, muda wa dakika sitini, na wakati mahususi katika siku. Watu wawili wanaozungumza uso kwa uso hawahitaji kuulizana ni ipi inayokusudiwa, kwa kuwa jua wanaliona wote na saa ya ukutani wanaitazama wote. Barua pepe haina jua wala ukuta. Huandikwa mahali pamoja, husomwa mahali pengine, na kati ya hapo hupitia mashine zenye desturi zake za kuhesabu wakati. Makala hii inaeleza namna ya kutaja saa katika mawasiliano ya namna hiyo, hasa pale ambapo mwandishi anafikiri kwa Kiswahili na msomaji wake yuko katika ukanda mwingine wa saa.

Kurasini, katika Wilaya ya Temeke jijini Dar es Salaam, ni mahali panapolifanya suala hili kuwa la kila siku. Kata hiyo imepakana na bandari. Barabara ya Kilwa inapita hapo, na eneo lake lina yadi za makontena, mabohari, ofisi za mawakala wa forodha na za wasafirishaji. Bandari ya Dar es Salaam huhudumia pia mizigo ya Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo hutoka China, India, Japani na nchi za Ghuba. Karani wa ofisi ya namna hiyo anaweza kuandika, kabla ya chai ya asubuhi, kwa mtu wa Guangzhou aliyeko saa tano mbele yake, wa Mumbai aliyeko saa mbili na nusu mbele, wa Dubai aliyeko saa moja mbele, na wa Lubumbashi aliyeko saa moja nyuma. Mzigo ukikaa bandarini kupita siku zilizoruhusiwa hutozwa gharama za kuhifadhiwa. Kwa hiyo hati iliyochelewa kwa sababu mtu alisoma saa vibaya ina bei yake, na bei hiyo hulipwa na mwenye mzigo.

Tofauti mbili zinazochanganywa

Chanzo cha makosa mengi ni kutotenganisha mambo mawili. La kwanza ni tofauti ya kutaja. Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana panapopambazuka na saa za usiku panapokuchwa, kwa hiyo wakati ambao saa ya kimataifa huonyesha 07:00 huitwa saa moja asubuhi, na 19:00 huitwa saa moja usiku. La pili ni tofauti ya ukanda. Jua halichomozi kwa wakati mmoja duniani kote, na kila nchi imechagua umbali wake kutoka saa za Greenwich. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele.

Kusema kwamba Waswahili "wako nyuma kwa saa sita" ni kuzichanganya tofauti hizo. Hakuna aliye nyuma. Mtu wa Kurasini asemaye saa tatu asubuhi na rubani anayetua Dar es Salaam akisoma 09:00 wako katika wakati uleule, na kinachotofautiana ni jina tu. Mfasiri wa historia anakutana na hali hiyo ikiwa safi, bila ukanda kuingilia kati. Waingereza walimpa Khalid bin Barghash wa Zanzibar muda wa mwisho wa kuondoka katika kasri, nao uliisha tarehe 27 Agosti 1896, 9:00 asubuhi kwa hesabu yao. Kwa Kiswahili hiyo ni saa tatu asubuhi. Atakayeandika "saa tisa asubuhi" atakuwa ameviahirisha vita, au ameviwahisha, kwa kutegemea msomaji.

Hesabu hii ya Kiswahili imeshikamana na mahali ilipozaliwa. Karibu na ikweta jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kwa mabadiliko yasiyofika saa nzima. Ndiyo maana kuanza kuhesabu panapopambazuka kunaleta maana Mombasa na Dar es Salaam. Stockholm, ambako mapambazuko ya Juni na ya Desemba yameachana kwa saa nyingi, kusingefaa kitu.

Hatua mbili, kwa mpangilio wake

Tuchukue mfano. Msafirishaji wa Guangzhou anaandika kwamba marekebisho ya hati za mzigo yamfikie kabla ya 17:00 siku ya Ijumaa, kwa saa za kwake. Ofisi ya Kurasini inataka kuwaeleza wafanyakazi wake kwa Kiswahili. Kwanza ubadilishwe ukanda: 17:00 ya Guangzhou ni 12:00 ya Dar es Salaam. Kisha lifuate jina: 12:00 ni saa sita mchana. Tangazo liseme "Ijumaa, kabla ya saa sita mchana".

Anayefanya hatua ya pili peke yake atapata saa kumi na moja jioni, na hati zitafika wakati mtu wa Guangzhou amekwisha kulala. Anayefanya hatua ya kwanza peke yake atapata "saa 12:00", na mfanyakazi aliyelelewa kwa Kiswahili ataisoma kuwa saa kumi na mbili jioni. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu aliyelifanya amekokotoa sawasawa na hana sababu ya kujishuku. Kimahesabu mpangilio wa hatua haubadilishi jibu, lakini anayeanza na jina huwa anapunguza au kuongeza saa sita na saa tano kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo siku nzima hupotea bila kuonekana.

Japani inahitaji tahadhari ya peke yake. Tokyo na Yokohama ziko saa sita mbele ya Dar es Salaam, na saa sita ndiyo tofauti ileile iliyopo kati ya hesabu ya Kiswahili na ya kimataifa. Matokeo yake ni sadfa ya kuchekesha: saa ya ukutani ya Yokohama inapoonyesha 3 alasiri, mnunuzi wa gari aliyeko Temeke anasema ni saa tatu asubuhi. Tarakimu zimefanana, na wapo wafanyabiashara ya magari yaliyotumika wanaoweza kufanya kazi miaka mingi kwa kuitegemea sadfa hiyo bila kuijua. Siku wanapohamia muuzaji wa Dubai au Singapore, kanuni yao inavunjika. Mwalimu anayefundisha kutaja saa atafanya vizuri kuitumia Yokohama kama swali la mtihani: jibu sahihi linaweza kupatikana kwa njia isiyo sahihi, na njia ndiyo inayopaswa kusahihishwa.

Mashine inafanya nini, na inaacha nini

Kila barua pepe hubeba, katika sehemu ya utangulizi ambayo kwa kawaida haionyeshwi, mstari wa tarehe wenye saa ya kutumwa na umbali wake kutoka UTC. Barua iliyotumwa Kurasini Jumanne ya tarehe 4 Machi 2025, saa tatu kamili asubuhi, itakuwa na 09:00:00 ikifuatwa na +0300. Programu ya mpokeaji husoma umbali huo na kuonyesha saa ya kwake: aliyeko Guangzhou ataona 14:00, aliyeko Lubumbashi 08:00. Hadi hapo mashine ni mtumishi mwaminifu.

Uaminifu huo unaishia kwenye mstari wa tarehe na kwenye mialiko ya kalenda, ambayo nayo hubeba ukanda ndani yake. Maneno ya barua hayaguswi. Ukiandika "tukutane saa 4", msomaji atapata "saa 4" popote alipo. Hata mstari unaojitokeza juu ya barua iliyonukuliwa, ule unaosema fulani aliandika tarehe fulani saa fulani, huwa umegandishwa kwa saa za kompyuta ya aliyejibu. Mazungumzo yaliyokwenda na kurudi mara sita kati ya miji mitatu yanaweza kubeba saa za kanda tatu, zote zikionekana kana kwamba ni za saa moja ya ukutani. Anayetafsiri mfululizo wa barua kwa ajili ya shauri au ukaguzi asiziamini saa hizo za ndani. Airudie mistari ya tarehe ya barua zenyewe.

Kuna kasoro nyingine inayotokana na mikono ya watu. Kompyuta inaponunuliwa huenda ikawa imewekwa kwenye ukanda wa Pwani ya Magharibi ya Marekani. Mtumiaji anaona saa imekosewa, naye anairekebisha kwa kusogeza mishale hadi ilingane na ya ukutani, huku ukanda akiuacha ulivyo. Saa sasa inasomeka 09:00, lakini kompyuta inaamini kwamba hiyo ni 09:00 ya Marekani. Ikiandika yenyewe tarehe ya barua, itaweka -0800, na mpokeaji aliyeko meza ya pili ataona kwamba barua imetumwa 20:00, yaani saa mbili usiku ambayo bado haijafika. Dawa ni kurekebisha ukanda kwanza. Katika Windows, anayetafuta Dar es Salaam kwenye orodha hataikuta. Achague Nairobi, ambayo imeandikwa (UTC+03:00). Wengine huchagua Kuwait au Moscow kwa kuwa nazo ni +3. Leo hakuna madhara, lakini Urusi imebadili saa zake kwa sheria zaidi ya mara moja katika miaka ya 2010, na kompyuta iliyofungwa kwenye ukanda wa nchi nyingine hufuata sheria ya nchi hiyo.

Umbali wa Afrika Mashariki wenyewe haukuwa saa tatu kamili siku zote. Enzi za ukoloni ziliwahi kutumika saa mbili na nusu, na hata saa mbili na dakika arobaini na tano, mbele ya Greenwich. Hilo linamhusu mfasiri wa nyaraka za kale tu.

Tarakimu au maneno?

Barua rasmi, magazeti na kadi za mialiko nchini Tanzania huandika "saa 3:00 asubuhi" kwa maana ya 09:00. Mtindo huo ni sahihi, umezoeleka, na hauna haja ya kuachwa katika mawasiliano ya ndani ya nchi. Unapovuka mpaka, hali inabadilika, kwa sababu tarakimu 3:00 kwa macho ya mgeni, au kwa mashine ya kutafsiri, ni saa tisa. "Saa 12:00" bila neno la kuifuata ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote: inaweza kuwa mapambazuko, machweo, adhuhuri au usiku wa manane. "Saa 6:00" ina usomaji uleule wa namna nne.

Mgawanyo unaofaa kupendekezwa ni huu: hesabu ya Kiswahili iandikwe kwa maneno, na hesabu ya kimataifa iandikwe kwa tarakimu nne za mfumo wa saa ishirini na nne, bila neno saa mbele yake. Kwa hiyo: "saa tatu asubuhi (09:00, Saa za Afrika Mashariki)". Msomaji wa Kiswahili ana yake, mgeni ana yake, na kila mmoja anaweza kumkagua mwenzake. Maandishi ya aina ya "saa 21:00 usiku" yaepukwe. Ni chotara isiyo na ukoo. Tarakimu kuanzia 13 hadi 23 hazidhuru sana, kwa kuwa hesabu ya Kiswahili haivuki kumi na mbili. Hatari yote imejificha chini ya hapo.

Baada ya saa tatu

Zipo sentensi ambazo zina utata hata bila mgeni. "Jibu litatumwa baada ya saa tatu." Je, ni baada ya 09:00, au baada ya kupita dakika mia moja na themanini? Kwa kuwa saa ni jina la wakati na pia la muda, sarufi haitoi msaada. Ndiyo maana wazungumzaji wengi wameunda "masaa matatu" kwa ajili ya muda, wakabakiza "saa tatu" kwa ajili ya wakati. Kiswahili sanifu kinakataa "masaa", na walimu wana haki ya kulisahihisha katika insha. Lakini inafaa watambue kwamba wanafunzi wao wamelipata kwa haja ya kweli, si kwa uvivu. Katika uandishi rasmi haja hiyo hutimizwa kwa njia nyingine: "baada ya muda wa saa tatu", "katika saa tatu zijazo", na kwa upande wa pili "kuanzia saa tatu asubuhi". Barua inayozungumzia tofauti ya kanda inahitaji uangalifu huo mara mbili, kwa sababu "tofauti ya saa tano" na "saa tano" zinaweza kukaa katika mstari mmoja.

Neno majira nalo lina mitego yake. Asili yake ni vipindi vya mwaka, kama majira ya masika. Watangazaji wa michezo wamelipanua hadi "saa nne usiku kwa majira ya Afrika Mashariki", na wakati huohuo "majira ya saa nne" humaanisha karibu na saa nne, kwa kukadiria. Maana moja inataka usahihi, nyingine inaukwepa. Katika barua ya kazi ni heri kuandika "kwa saa za Afrika Mashariki", na kuacha majira kwa hali ya hewa. Kwa dhana yenyewe, "ukanda wa saa", wingi "kanda za saa", linatosha. "Saa za eneo", linaloonekana katika programu nyingi za simu, linaeleweka pia. "Saa ya Dar es Salaam", kwa umoja, ni kifaa au mnara.

Leo, kesho, usiku wa Ijumaa

Barua iliyoandikwa Kurasini saa nne usiku, ikisema "nitakutumia kesho", humkuta mtu wa Guangzhou akiwa tayari ndani ya kesho hiyo: kwake ni 03:00 ya siku inayofuata. Akiisoma asubuhi, kesho yake ni kesho kutwa ya mwandishi. Maneno leo, kesho na jana yaondolewe katika barua zinazovuka kanda, na nafasi yake ishikwe na jina la siku pamoja na tarehe. Kwa upande wa magharibi hali ni kinyume. Mwisho wa Ijumaa mjini New York, 23:59 wakati wa baridi, ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya Jumamosi Dar es Salaam.

Usiku una tatizo la zaidi. Kwa mapokeo ya pwani, yanayofuata hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua linapozama; hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisi ni Alhamisi usiku. Wasomaji wengi wa leo wataelewa kinyume chake, na mzee wa Lamu au wa Zanzibar hatakuwa amekosea akiwasahihisha. Kiswahili kimejipatia suluhisho zuri, "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambalo magazeti hulitumia na ambalo halina usomaji wa pili.

Ulaya na Marekani zinaongeza lao. Uingereza iko saa tatu nyuma ya Dar es Salaam wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba. Marekani huanza Jumapili ya pili ya Machi na kumaliza Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mkutano wa kila wiki uliopangwa 14:00 ya London ni saa kumi na moja jioni Kurasini mwezi Februari, na saa kumi jioni mwezi Mei, ingawa Kurasini hakuna aliyeigusa saa yake. Barua ya kuukumbusha iseme mkutano umefungwa kwenye saa za mji gani. Na Mtanzania aliyeko London mwezi Juni, jua likiwa bado linawaka 21:00, aandike nini? Aandike saa tatu usiku. Neno usiku hapo hufuata hesabu, halifuati anga.

Mwisho wa saa za kazi nao si wakati mmoja. Ofisi za serikali ya Tanzania hufunga saa tisa na nusu alasiri, kampuni binafsi nyingi hufunga saa kumi na moja jioni, na msafirishaji wa nje ana zake. Sentensi kamili ya kikazi inaweza kuwa hivi: "Tafadhali tutumie hati zilizorekebishwa kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 7 Machi 2025 (12:00 Dar es Salaam, 17:00 Guangzhou)." Ni ndefu kidogo kuliko "kabla ya Ijumaa mchana", lakini haihitaji barua ya pili ya kuuliza. Na kwa salamu, "habari za asubuhi" inaweza kusomwa jioni. "Habari za kazi" haichagui saa.